Platinamu ya Madamu

Ukimpa Madamu kitu chochote, yai, kijiko, funguo za ofisi, alikipima kwanza. Hakuhitaji mizani. Alikiweka kiganjani, akakipandisha na kukishusha mara moja, kisha ndipo akasema ahsante. Wageni walidhani ni dharau. Sisi tuliofundisha naye pale Bariadi tulizoea, na wengine tuliambukizwa. Hadi leo nikinunua sabuni dukani mkono wangu hujipandisha wenyewe.

Alikuwa mwalimu wa Kemia. Wanafunzi wetu waliwaita walimu wote wa kike "madamu" na kuongeza jina, lakini ukisema "Madamu" peke yake ukanyamaza, shule nzima ilijua ni yeye. Mimi nilipangiwa kufundisha Kiswahili, nikitokea Tanga, nikapewa nyumba ya walimu iliyopakana na yake. Ukuta wetu ulikuwa mmoja. Alinizidi umri wa kutosha kuniita mdogo wangu, na aliniita hivyo tangu jioni ya kwanza, aliponiletea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa mpaka vikawa vigumu kama gome. Aliuliza kama watu wa pwani tuna meno ya kuvitafuna.

Kila mtu ana kitu chake. Katika ofisi yetu ya walimu yupo aliyependa mpira, yupo aliyependa siasa, yupo aliyependa mbuzi. Madamu alipenda platinamu, metali ambayo kwetu huwezi kuikuta sokoni wala kwa sonara. Alikuwa na kipande kimoja tu, uzi mfupi usiofika urefu wa kidole, ulioshikizwa kwenye ncha ya kijiti cha kioo. Aliukuta stoo ya maabara kati ya chupa zilizopasuka, na hakuna aliyejua uliletwa na nani. Vifaa vingine vya maabara aliviachia wanafunzi. Uzi ule aliushika mwenyewe.

Nilipomuuliza una nini cha ajabu, hakunijibu. Alinipeleka maabara baada ya vipindi, akawasha jiko la gesi, akauchovya ule uzi kwenye asidi, akauingiza motoni. Ukawa mwekundu, kisha mweupe wa kuumiza macho.

"Moto una rangi gani?" akauliza.

"Ile ile ya mwanzo."

"Haujabadilika?"

"Haujabadilika."

"Sasa angalia." Akaugusisha kwenye chumvi ya jikoni, akaurudisha. Moto ukawa wa njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Akausafisha, akagusisha unga wa shaba, moto ukawa kijani. "Ningetumia waya wa shaba, kijani kingekuwepo tangu mwanzo, nisingejua kimetoka wapi. Hii haitii rangi yake. Asidi haiigusi, moto hauiyeyushi, hewa haiitii kutu. Na kioo hiki, kwa nini hakipasuki ikipata joto?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu vikipata joto vinapanuka karibu sawa. Chuma kingekivunja." Akauzima moto, akaufuta ule uzi kwa kitambaa safi. "Nenda ukatunge shairi," akaniambia, na nilijua ananidhihaki.

Uzito wake ndio uliompendeza kuliko yote. Alikuwa amewafundisha vijana wa kidato cha tatu kufikiria ndoo ndogo ya lita kumi iliyojaa platinamu. "Nani ataibeba kichwani?" Mikono ilinyooka. Aliwaacha wajisifu, kisha akawaambia kwamba ndoo hiyo ingekuwa na uzito wa maksai mchanga, yule unayeanza kumfundisha jembe. Darasa lililia kwa kicheko, na wale watoto wa wafugaji hawakusahau tena densiti ni nini. Aliwaambia pia kwamba pamoja na uzito huo ni metali laini, kwamba punje yake ndogo inaweza kuvutwa mpaka ikawa uzi mwembamba kuliko unywele isikatike. Hapo alikuwa akishusha sauti kama anayesimulia habari za ndugu yake aliye mbali.

Tuligombana kuhusu methali. Siku moja alipita dirishani akanisikia nikifundisha kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Alinisubiri nje.

"Methali yenu ni ya wavivu," akasema.

"Kwa nini, Madamu?"

"Mtu anakuja na kitu chake mkononi. Wewe unamwambia si dhahabu, unakwenda zako. Haya, ni nini basi? Mwambie ni nini!"

Nilimjibu kwamba methali haina kazi ya kupima madini. Akaguna. Kwa wiki nzima kila nilipomsalimu "mwangaluka," salamu ya asubuhi ambayo yeye mwenyewe alinifundisha, alinijibu kisha akaongeza, "Ni nini basi?"

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mashine. Mwanamke aliyepima kila kitu, hata chumvi ya mboga, hakukubali mtoto mchanga apimwe urefu kwa kamba. Alisema mtoto akipimwa kwa kamba anadumaa. Nilimkumbusha kwamba kliniki hupima watoto kila mwezi. "Kliniki wana vifaa vyao," akasema, "kamba ni kamba," na mazungumzo yakaishia hapo. Vilevile alikuwa mchoyo wa vitu vya serikali na mfujaji wa vyake. Mwanafunzi aliyemwaga asidi kidogo alisikia maneno, na mwanafunzi huyo huyo alipita nyumbani kwake jioni akajaziwa karanga mifuko yote miwili.

Gari la shule lilipoanza kunguruma kama trekta, mkuu wa shule alitueleza kikaoni kwamba fundi mmoja mjini amelisaidia sana kwa kulitoa "masega" ya ekzosi yaliyokuwa yameziba, tena bure. Madamu aliweka kalamu chini. Alitueleza, bila kumwangalia mkuu, kwamba masega yale yamepakwa platinamu na jamaa zake, kwamba moshi wenye sumu ukipita juu yake hugeuka ukawa na madhara madogo, na metali yenyewe hubaki ilivyo, haipungui wala haichakai kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kuna watu wanazunguka nchi nzima kuyanunua. Mkuu akauliza, "Kwa hiyo?" Madamu akasema, "Kwa hiyo fundi hakufanya bure." Tulicheka mpaka mkuu naye akacheka, ingawa yeye alichelewa.

Hakuwa mtu wa kuaibisha watu, hata hivyo. Kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu, bwana harusi aliyetoka Dar alitangaza kwa maikrofoni kwamba pete ni ya platinamu halisi. Madamu aliomba kuishika. Akaiweka kiganjani, akaipandisha, akaishusha, akairudisha kwa mikono miwili.

"Pete nzuri sana. Mungu awabariki."

Njiani kurudi nilimbana. Alikataa kusema. Nikamkumbusha ugomvi wetu, kwamba yeye ndiye anayetaka mtu aambiwe kitu ni nini.

"Nani ameniuliza? Mimi nimeishika tu, sikuipima. Mtu akiniletea nipime, hapo siwezi kunyamaza."

Nilidhani ni maneno ya kujitetea. Baadaye niliona kwamba aliishi kwayo, na kwamba yalimgharimu.

Ilikuwa msimu wa pamba, malori yanapita yakidondosha nyuzi nyeupe barabarani. Jumamosi asubuhi alikuja mzee mmoja kutoka Ipililo, upande wa Maswa, ambaye mjukuu wake aliwahi kusoma kwetu. Alikaa kwenye kibaraza cha Madamu na mfuko wa unga kati ya miguu. Baada ya salamu ndefu za Kisukuma, za ng'ombe, za mvua, za waliolala na walioamka, Madamu alinigongea ukuta.

"Mdogo wangu, njoo. Mzee ana jambo, anataka na shahidi."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa bonge la metali jeupe, linang'aa, ukubwa wa ngumi mbili. Mzee alisema watu wawili waliofika kijijini wakijiita wachimbaji walimwambia ni platinamu, mama wa dhahabu, na kwamba serikali ikijua itaichukua. Aliwapa ng'ombe waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya mahari ya mwanawe wa mwisho. Aliwatoa alfajiri, mwenyewe, nusu ya familia ikiwa shambani na nusu imelala. Tangu hapo nyumbani hakuna amani.

"Mayu," akamwambia, kwa lile neno la Kisukuma la mama, "nimesikia wewe unaijua. Ipime."

Madamu hakuligusa. "Baba, nikilipima nitakwambia ni nini. Siwezi kupima halafu nikanyamaza. Unaweza kurudi nalo nyumbani vilevile lilivyo."

Mzee aliangalia barabara kwa muda. "Ipime," akasema tena.

Tulikwenda maabara. Aliliweka kwenye mizani, akaandika. Akajaza maji kwenye chombo chenye mdomo, akalizamisha bonge kwa uzi wa katani, maji yaliyomwagika akayapokea kwenye silinda ya vipimo. Alinieleza mimi ili mzee asikie: platinamu inatakiwa iwe nzito mara ishirini na moja na zaidi kuliko maji yaliyokaa nafasi ile ile. Akagawanya. Jibu likaja kumi na moja na ushei. Akarudia tangu mwanzo, polepole zaidi, na nilimwona akiomba bila kufumba macho. Kumi na moja na ushei. Akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya ule mng'ao palikuwa na kijivu, na ukucha uliacha mfereji.

"Baba, hii ni risasi."

"Risasi? Ya bunduki?"

"Ile ile. Wameipaka rangi ya fedha juu."

Mzee akacheka kidogo. "Basi wamenipiga risasi, mayu." Kicheko kikakatika katikati, akafunika uso kwa kofia yake.

Madamu alimwacha. Kofia iliposhuka, alimuuliza nyumbani wanasemaje. Hapo ndipo mzee alipotoa lililomleta. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameuambia ukoo mzima kwamba baba ameuza ng'ombe kwa siri na kumjengea mwanamke Malampaka, karibu na stesheni. Mzee hakuwahi kuwaonyesha bonge. Alikuwa akisubiri liwe utajiri kwanza, ndipo awajibu.

"Sasa nitawaonyesha nini? Watasema nimeokota chuma."

"Twende," akasema Madamu, na alikuwa tayari anavua koti la maabara.

Tulipanda basi hadi Maswa na pikipiki kutoka pale, na mchana tulikuwa Ipililo kwenye mji wa mzee. Mkewe alitupokea kwa heshima na kwa macho makavu. Kijana hakutupokea. Alisimama kando ya zizi, mikono nyuma. Madamu aliomba jiko la mkaa na kikaango kikuukuu cha chuma. Aliwapanga watu wote upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi wa risasi ni sumu, na akamwita kijana aje apepee moto yeye mwenyewe.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye usiyeamini. Apepee anayeamini, utasema kuna mchezo."

Kijana akapepea. Madamu akaliweka bonge kwenye kikaango mbele ya wote, akawaeleza baba yao aliambiwa nini na watu wale.

"Platinamu ingekaa hapa tangu asubuhi hadi jioni, na mkaa wote wa Maswa usingeiyeyusha. Ingetoka kama ilivyoingia. Haya, tuangalie hii."

Halikuchukua muda. Bonge lililegea upande mmoja, likaketi kama mtu aliyechoka, likawa maji. Kijana aliacha kupepea. Watu waliinama kutazama, kisha wakamtazama mzee.

"Hiki ndicho walichompa," Madamu akasema. "Ng'ombe walikwenda kwa wezi. Baba yenu ameibiwa. Hakuiba."

Mkewe ndiye aliyetangulia. Alisogea, akachungulia kikaango, akasema kwa Kiswahili ili na mimi mgeni nielewe, "Kumbe yule mwanamke wa Malampaka ndiye huyu!"

Walicheka. Mzee alicheka akilia. Kijana hakucheka, ila alikaa chini pale alipokuwa, karibu na miguu ya baba yake.

"Baba, ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi," akasema mzee. Akaweka mkono juu ya bega la mwanawe, na mwanawe hakuuondoa.

Ng'ombe hawakurudi. Mahari ilibidi ingojee msimu mwingine, na nilisikia kwamba ndugu walichangia. Tulipokuwa tukirudi, kwenye basi, nilimsifu Madamu kwa kazi nzuri. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha.

"Mdogo wangu, pale maabara nilitamani maji yadanganye," akasema. "Hata mara moja tu."

Baadaye alihamia Maswa ili awe karibu na dada yake, na tukawa watu wa simu. Kisha simu zikapungua, na dada yake ndiye aliyenipigia kunieleza kwamba Madamu yuko hospitali ya rufaa Mwanza, ana saratani ya shingo ya kizazi. Nilikwenda. Nilimkuta wodini amekonda, dripu mkononi, chupa ya maji ya kunywa pembeni kwa sababu wauguzi walimlazimisha kunywa sana kulinda figo. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Hakunipa nafasi.

"Unajua kilichomo humu?" akaonyesha mpira wa dripu kwa kidevu.

"Dawa."

"Platinamu." Macho yake yalikuwa na ule mng'ao wa maabara. "Nimemuuliza daktari mara mbili. Nikamwambia anionyeshe boksi."

Nilishangaa. Nikamwambia yeye ndiye aliyetufundisha kwamba haigusi kitu wala haiguswi.

"Ikiwa peke yake. Hapa imefungwa pamoja na klorini na amonia, imekuwa kitu kingine. Ikiingia ndani ya seli ya saratani inaachia klorini, inazishika zile nyuzi za vinasaba, inazifunga, seli inashindwa kugawanyika. Inakufa." Akapumzika. Maneno yalimchosha. "Miaka yote ile nafundisha kwamba haishikani na mtu. Kumbe sikuwa nimemaliza somo."

"Na seli nzuri?"

"Haichagui vizuri. Hapo ndipo shida." Akaniambia mdomo una ladha ya sarafu, chakula chote kinanuka, na masikioni kuna nyenje wasionyamaza. Kisha akageuzia uso ukutani, akatapika kwenye beseni, nami nikashika beseni. Sikuwahi kumwona akiwa na woga kabla ya siku ile. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuidhania. Hakuupima. Aliushika tu.

Dawa ilifanya kazi yake. Nilipomwona tena alikuwa Binza, huko huko Maswa, nyumbani kwa dada yake, kwenye uwanja uliofagiwa vizuri, amevaa kitenge kipya, mwili umeanza kurudi. Madaktari walikuwa wamemwambia uvimbe hauonekani, aendelee kurudi kupimwa. Nilimwita kutoka getini. Aligeuka pale tu kivuli changu kilipomfikia.

"Karibu, mdogo wangu. Ongea huku unaniangalia."

Dawa ilikuwa imechukua sehemu ya masikio yake, na haingerudi. Alinieleza kwa utulivu, kama anayetoa matokeo ya mtihani: sauti nene anazipata, nyembamba zimeondoka. Ndege hawapo tena. Maji yakichemka hajui. Kanisani alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwaya, ameacha, kwa sababu hasikii kama anaimba au anapiga kelele.

"Unajutia?" nikamuuliza.

"Dawa? Hapana. Nipo." Akafikiri. "Lakini hasira ninayo, usije ukasema kwa watu kwamba sina. Sauti yako nene naipata. Ya dada naipata nusu. Ya yule mtoto hainifikii kabisa. Naona mdomo tu unakwenda."

Mtoto mwenyewe alikuwa Kabula, mjukuu wa dada yake, msichana wa kama miaka minne, aliyekuwa akizunguka kiti chetu tangu nilipofika. Alikuwa na habari nzito kuhusu mbuzi aliyezaa, na sauti nyembamba kama filimbi. Ikabidi niwe mkalimani. Kabula alisema sentensi, mimi nikairudia kwa sauti yangu, Madamu akajibu, akamjibu Kabula, si mimi. Kabula alinitazama kila nilipoongea. Alitazama koo langu. Ilionekana wazi kwamba hakupenda maneno yake yapite kwangu. Mwishowe akaondoka kwa hasira kuelekea jikoni.

Tuliendelea na mazungumzo yetu ya walimu, nani amehamishwa, nani ameoa. Dada mtu alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akamnong'oneza mtoto jambo. Kabula akaja mbio, akasimama mbele ya Madamu, akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Akanitazama tena. Akabana kidevu kifuani, akajaza mashavu hewa, akapanua miguu kama mzee wa kikao, na kwa sauti nzito ya ndama dume, iliyotoka sijui wapi katika mwili mdogo vile, akasema:

"Bibi. Chakula. Tayari."

Madamu aliacha sentensi yake katikati. Alimtazama yule mtoto, na mkono wake ukapanda polepole mpaka sikioni.

"Nimesikia," akasema. "Mayu, nimesikia."

Kabula hakutabasamu. Alikuwa kazini.

"Basi njoo," akasema, kwa sauti ile ile ya kiume. "Ugali unapoa."

Madamu akainuka.